Uzito Mkavu

Bahari yangu ni lita mia mbili na kumi.
Imekaa Kiamunyi, juu ya meza ya chuma aliyonichomelea Odera,
mwendo wa siku nzima kutoka pwani yoyote,
na kila jioni, kabla sijavua viatu vya kazini,
naiuliza imeshindaje.

Haisemi. Inajibu kwa rangi.
Maji mililita tano ndani ya kichupa, kisha matone:
moja, tikisa. Mbili, tikisa.
Buluu ikigeuka manjano najua alkali imebaki ngapi.
Nane ni nzuri. Saba, matumbawe yana njaa.
Sita niliiona Aprili, stima ilipopotea siku mbili
na pampu ya kudondosha dozi ikalala.
Nikachota magadi kijiko, kijiko,
na kingine cha kutuliza moyo wangu mimi.
Asubuhi ncha zao zilikuwa nyeupe kama mfupa uliotafunwa.
Nikapima. Nane kamili.
Sijawahi kuichukia namba nzuri kama ile.

Maji ya bomba siyapi nafasi. Ndiyo yaliyonitia meno
hudhurungi hii tangu darasa la tatu.
Nayachuja hadi yakose ladha, yakose hata ukoo,
ndipo nayapa chumvi ya mfuko
na magnesiamu, ya kuwashikia wenzake mlango.
Kalsiamu huingia alfajiri, alkali usiku.
Ni wake wenza hao: wakikutana kizingitini
hurukiana, maji yakageuka maziwa,
na chokaa ikatua chini, haikumjenga yeyote.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Ila kibaba kikishajaa,
haba iliyo mkononi mtu anaiweka wapi?

Liulize ziwa. Limekunywa mvua miaka na miaka,
magadi yake yamepoa, heroe wamehamia Bogoria,
na kule Mwariki, jikoni kwa Wangeci,
pale tulipokuwa tukikaanga mandazi,
tilapia wanapita bila kubisha hodi.

Mchana mimi ni fundi wa mashine za kuchuja damu.
Kalsiamu ileile, magnesiamu ileile, alkali ileile,
ila humu kosa lina jina na namba ya kitanda.
Leo Jerotich, mshonaji wa Bondeni, alipanda mizani:
kilo tatu na nusu juu ya uzito wake mkavu.
"Ni chai ya mahari ya mpwa wangu," akasema.
"Vikombe vinne. Wewe ungekataa?"
Akataka tuyatoe yote mbio, ana gauni la kumaliza.
Nikamwambia mwili haukimbizwi.
Saa nne tukayavuta polepole,
nusu kilo tukaiacha hadi Ijumaa,
naye akanyonya kipande cha barafu kama mtoto aliyepewa peremende,
akifanya kidumu.

"Na hao samaki wako," akauliza macho yamefumba,
"nao wana mashine?"
"Wana mimi."
"Maskini," akasema. Sikujua anamwonea nani huruma.

Sasa ni saa tatu usiku. Tone la tano, buluu.
La sita, buluu. La saba, manjano.
Mkono unakwenda wenyewe kwenye mkebe wa magadi,
naujua mkono huu, ni ule wa Aprili.
Nusu kijiko. Nakoroga kwenye jagi hadi kiwe wazi,
namimina taratibu pale mkondo unapokwenda kasi,
nafunga mkebe, naupandisha juu ya kabati
ambako lazima nivute kiti kuufikia.

Kile kipande kilichoungua, sikukitupa.
Nimepiga magoti, tochi ya simu mkononi:
shinani, pale kinaposhikana na jiwe,
kuna ukingo wa zambarau
mwembamba kama uzi wa pindo.
Huenda ni mwani tu.
Ijumaa nitampelekea Jerotich picha.
Yeye anajua mshono ukishika unavyokuwa.